Pale Wimbo Unaposhuka

Mjini, Unguja
4 Agosti 2024

Saada mwenzangu,

Assalamu alaykum. Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na mama yako, Mama Mkubwa wangu, na yeye ndiye sitaki alisikie swali langu kabla hujalipima wewe. Tena karatasi haisambazwi. Ahmada, yule mchukuzi wa bandarini Mkoani, huko Pemba, ameahidi kukufikishia bahasha ikiwa imefungwa.

Mwezi ujao namaliza chuo. Kila mwanafunzi wa utunzi anatakiwa kutoa kipande kimoja alichokitunga mwenyewe, kipigwe na kundi zima mbele ya watahini. Miezi minne nimekuwa nikiandika na kuchana. Unanijua. Siigusi kanuni, kile kinanda changu cha nyuzi, mwanzo. Nakaa kimya mpaka sauti ije, naichora kwenye mistari mitano, halafu naiuliza kila noti: umekuja kufanya nini hapa? Nyingi hazina jibu. Nazifuta.

Wiki iliyopita ilikuja moja ambayo sikuweza kuifuta. Ni ile sauti aliyokuwa akiivumisha Mama Mkubwa, mdomo umefumba, tulipokuwa tukichambua karafuu barazani, mimi na wewe tukigombania nani ana rundo kubwa. Nimeishi nyumbani kwenu miaka kumi na nne na sikumbuki kuisikia hata mara moja ikiwa na maneno. Imekuja nzima. Mwisho wake tu unanisumbua: unaruka juu pale ambapo vidole vyangu vinataka kushuka.

Muulize mama yako. Una maneno? Nani kautunga? Muulize taratibu, kama unaulizia chumvi.

Nduguyo,
Rahma


Wingwi
11 Agosti 2024

Bibi mwenye chuo,

Wa alaykumu ssalaam. Nimeuliza kama ulivyotaka. Mama alikuwa juani, anageuza karafuu kwa mguu. Nikamwambia, "Mama, ule wimbo uliokuwa ukituvumishia, Rahma anataka maneno yake."

"Wimbo gani?"

Nikauvumisha. Wallahi Rahma, alinifumba mdomo kwa kiganja chake, na kiganja chenyewe kimejaa vumbi la karafuu, nikapiga chafya mpaka machozi. "Hauna maneno," akasema. "Mwambie atafute mwengine. Nyimbo zimeisha duniani?" Tangu hapo nikitia sauti yoyote jikoni, hata kasida, ananikoholea.

Sasa la kwangu. Nimeposwa. Usicheke! Ni Hafidh wa Tumbe, yule mwenye pikapu ya kuchukulia samaki, na pikapu ni yake, si ya tajiri. Nimemwona mara tatu na mara zote tatu alisahau alichotaka kusema. Nampenda, Rahma. Nimekuandikia wewe tu neno hilo, kwa hiyo likisikika Wingwi najua nani wa kumpiga.

Mama yake, Bi Moza, alikuja na wazee wawili. Mwanamke wa maneno machache. Alikaa ukingoni mwa mkeka, chai hakuigusa, halafu akaomba azungumze na Mama peke yao chumbani. Walipotoka Mama alikuwa na macho mekundu. Akasema ni moshi. Siku hiyo tulipikia gesi.

Harusi mfungo saba, yaani mwezi wa kumi, inshallah. Uje na kanuni yako, lakini usituletee wimbo huo.

Saada


Mjini, Unguja
17 Agosti 2024

Saada,

Mabruk, mabruk! Mwambie Hafidh aandike anachotaka kusema kiganjani kabla hajafika.

Kuhusu wimbo. Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara nafika pale pale: kama hauna maneno, basi hauna wa kumkera. Maneno ndiyo yanayoumiza watu. Sauti tupu haimtaji mtu. Mama Mkubwa pengine anaona haya tu kwamba sauti ya barazani kwake itapigwa ukumbini na watu waliovaa tai.

Nimekwisha kuupiga mbele ya Mwalimu Hakimuddin, anayetufundisha fidla na utunzi. Aliweka upinde chini akasikiliza na macho yamefumba, na yeye si mtu wa kufumba macho kwa mwanafunzi. Mwishoni alisema, "Rahma, hiki kina mizizi. Ila mwisho wake una kiburi. Huo mwisho si wa mtu aliyeanza." Nimejaribu miisho kumi na moja. Hakuna hata mmoja uliokaa, nimeuacha huo huo.

Na habari kubwa: mwaka huu kundi la chuo linakuja Pemba, na watahini wetu. Tutapiga Chake Chake, Jumamosi ya tarehe 21 Septemba. Kipande changu ndicho cha kufungia. Mtakuja nyote. Ukimleta na mama mkwe, nitamwekea kiti cha mbele.

Rahma


Wingwi
25 Agosti 2024

Rahma,

Usimwekee kiti. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mama hasemi, kwa hiyo nilikwenda kwa jirani, Bi Ummkulthum, nikamsukia ukili mchana kutwa mpaka akafunguka. Wimbo una maneno. Wanawake wote wa kaskazini waliopita umri wa miaka arubaini wanayajua:

*Kaja kutupa mkono, karudi na cha shingoni.*

Mama ndiye aliyeyatunga. Bi Moza alikuwa akikaa hapa Wingwi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, rafiki yake Mama wa kula sahani moja. Mimi na wewe tulikuwa tunatambaa. Kwenye harusi moja kidani cha bibi harusi kilipotea, na Moza ndiye aliyeonekana kuingia chumbani kumpa mkono bibi harusi. Mama alikuwa ndiye mtungaji wa kikundi chao cha harusi. Wiki haikuisha, wimbo ukatoka. Ukaimbwa Wingwi, ukaimbwa Konde, ukavuka mpaka Tumbe. Lile neno la mwisho walikuwa wakilivuta juu huku wanajishika shingo na kucheka. Mumewe Moza akampa talaka.

Miezi saba baadaye godoro la sufi la yule bibi harusi lilifumuka mshono. Kidani kilikuwa ndani.

Wazee wakaupiga marufuku wimbo, ndiyo maana sisi hatukuukuta. Lakini Moza alikuwa ameshahama. Sasa mwanawe ananitaka mimi, na nilipombana Mama kwa haya alikiri kwamba siku ile ya chumbani Moza alimwekea sharti moja, wimbo usisikike tena. Mama aliapa.

Hiyo sauti tupu unayoisema, Rahma, haipo. Wewe ukipiga, wao watajaza. Iondoe. Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu.

Saada


Mjini, Unguja
30 Agosti 2024

Saada,

Nimekasirika, na nimesoma mpaka mwisho.

Unasema "iondoe" kama vile ni kisahani mezani. Wapigaji kumi na mmoja wana karatasi zao. Watahini wamekwisha kupewa nakala. Juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika *Mtunzi: Rahma Kificho*, kwa wino. Nikiondoa leo sina kipande, na nisipokuwa na kipande sihitimu. Wewe una Hafidh, una nyumba, una mama. Mimi nina kurasa sita.

Ndiyo, najua nilivyoandika. Sitaifuta sentensi hiyo, ingekuwa uongo.

Lakini nisikilize. Nimeibadilisha. Nimeipunguza mwendo, mtu hawezi hata kuipigia kofi. Nimeihamisha maqamu, yaani ngazi nzima ambayo sauti inasimamia, kwa hiyo hata rangi yake si ile. Nimempa mpiga udi mwanzo wake na mpiga fidla mwisho wake. Bi Moza mwenyewe akikaa mbele hataitambua. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi, Saada, kuchukua kitu na kukifanya kingine.

Miaka ishirini na mbili imepita. Nani atakumbuka?

Rahma


Wingwi
8 Septemba 2024

Rahma,

Nani atakumbuka? Nikwambie.

Mpiga dumbaki wenu alirekodi mazoezi akarusha kwenye kundi lake la simu. *Mazoezi yetu, tunakuja Pemba.* Jumatano. Alkhamis imefika Konde. Ijumaa mtu ameshaiwekea sauti yake juu, mwanamke mtu mzima, anacheka katikati, na maneno yote anayajua. Mwendo wako wa pole umemfaa, umempa nafasi ya kuvuta.

Jana asubuhi Bi Moza alikuwa kwenye diko la Tumbe, pale pwani, ananunua samaki. Mmoja alianza, simu mkononi. Wakaitikia wengine, wa mizani na wa ndoo, watu anaowauzia na kununua kwao kila siku. Walipofika "shingoni" walijishika shingo, kama zamani. Aliweka ndoo yake chini akaenda zake nyumbani bila ya samaki na bila ya ndoo.

Hafidh alikuja jioni. Safari hii hakusahau alichotaka kusema. Mama yake kamwambia: "Niliomba kitu kimoja." Mambo yote yamesimama. Majamvi tuliyoazima kwa ajili ya harusi Mama ameanza kuyarudisha, moja moja.

Jina lako liko kwenye video. *Utunzi wa Rahma Kificho, Wingwi.* Hongera.

Usiniandikie.

S.


Wingwi
10 Septemba 2024

Mwanangu Rahma,

Mimi niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka thelathini, utanisamehe mwandiko.

Saada hajui kama nakuandikia. Amekueleza alichokijua, na alichokijua ni nusu. Watu wote wanadhani kosa langu ni maneno. Maneno yalikuwa uongo, na niliyaombea radhi mbele ya sheha na mbele ya wanawake wa kikundi. Moza alisikiliza akasema nimesikia.

Kosa langu ni sauti. Sauti ile sikuitunga mimi. Ni ya Moza. Tulikuwa tukichambua karafuu pamoja, baraza hiyo hiyo mliyokulia, na yeye alikuwa na sauti yake ya kazi, haina neno hata moja. Aliianza alipokuwa amembeba Hafidh mgongoni. Kila nikisikia nilikuwa nasema moyoni, mimi ndiye mtungaji wa kikundi na sijawahi kupata sauti kama hii. Nilikuwa na wivu, mwanangu. Kidani kilinipa ruhusa tu.

Nilijua maneno peke yake mtu anaweza kuyajibu. Kwa hivyo niliyatia ndani ya sauti yake mwenyewe, ili kila akianza kuvumisha, watu wamalizie. Ilifanya kazi vizuri mno. Moza hakuvumisha tena. Mimi ndiye niliyebaki nayo. Ilikuwa inanitoka bila ya kujijua, mpaka siku moja nikajisikia nikaacha. Lakini nyinyi mlikuwa mmekaa pale, na wewe ulikuwa mtoto wa masikio.

Siku ya posa hakusema wimbo usisikike. Hayo nilimwambia Saada mimi, kwa aibu. Alisema hivi: "Mwanapili, kama huwezi kunirudishia, basi usimpe mwengine."

Mwengine ndiye wewe.

Fanya unaloona. Mimi sina wa kumlaumu.

Mama yako mkubwa,
Mwanapili


Mjini, Unguja
13 Septemba 2024

Kwa Bi Moza Masoud, Tumbe

Shikamoo Bi Moza,

Mimi ni Rahma, niliyelelewa nyumbani kwa Bi Mwanapili. Ni mimi niliyeandika kile kilichopigwa kwenye simu. Sikujua maneno nilipoanza. Nilipoyajua, niliendelea. Hilo la pili ndilo ninaloliombea radhi, kwa sababu la kwanza ni ujinga na la pili ni mimi mwenyewe.

Nimeambiwa sauti ni yako. Nimeamini mara moja, kabla sijamaliza kusoma, kwa sababu kwa wiki sita nimekuwa nikiiuliza noti kwa noti na imekuwa ikinijibu kama mgeni anavyomjibu mtu asiye mwenyeji wa nyumba.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mwalimu wangu nikafuta jina langu kwenye nakala zote. Nafasi ya jina iko wazi. Ukisema nizichane, nitazichana, na ukumbini tutamaliza na kipande cha mwengine. Ukisema zipigwe, zitakuwa na jina lako. Saada hana kosa katika haya. Alinikataza mara mbili.

Neno moja nakuomba, hata ukikataa mengine yote. Ule mwisho unaopanda. Tangu mwanzo sikuuamini. Ni wako?

Rahma binti Kificho


Tumbe
17 Septemba 2024

Rahma,

Marahaba.

Barua yako niliiacha juu ya kabati siku mbili. Hafidh alikuwa akiizunguka kama paka.

Mwisho si wangu. Ni wa Mwanapili. Alihitaji nafasi ya kuitia shingo yangu, akaurefusha, akaupandisha ili watu wapate pa kuchekea. Wangu ni mfupi. Mimi sijui hizo noti zako, nitakwambia ninavyojua.

Ndani ya bahasha nimetia vishada vitatu vya karafuu mbichi, vitafika vimesinyaa lakini vitakufaa. Kaa chini, si kwenye kiti. Kishike kishada kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba cha kulia kinapoanza kusukuma, sauti inapanda kidogo, kidogo tu. Kikonyo kinapokatika, sauti inakatika. Karafuu inapoanguka kwenye jamvi, sauti inaanguka nayo. Basi. Huna cha kuongeza, kwa sababu mkono umeshakwenda kwenye kishada chengine. Usipunguze mwendo. Nani aliyekwambia ni wimbo wa huzuni? Nilikuwa kijana, nina mtoto mgongoni, nina kazi.

Jumamosi nitakuja Chake. Nitakaa karibu na mlango. Ukipanda, nitatoka, na Hafidh atatoka na mimi, na hayo mambo ya Wingwi yatakuwa yamekwisha. Ukishuka, nitakaa.

Jina andika Moza Masoud. Usiandike wa Tumbe. Niliutunga Wingwi.

Moza


Chake Chake
22 Septemba 2024

Saada,

Uliniambia nisikuandikie. Kama umefika mstari huu, umeshanivunjia marufuku wewe mwenyewe.

Vile vishada vilinifika Alkhamis. Nilikaa sakafuni chumbani nikavichambua vyote vitatu, na cha tatu kilipoisha nilikuwa nalia na nacheka, kwa sababu mwisho ulikuwa pale siku zote, kwenye kidole gumba. Noti tatu nimezifuta, moja nimeiteremsha. Mwendo nimeurudisha. Maqamu nimeirudisha. Kurasa sita zimekuwa nne. Wapigaji walinitukana kwa adabu, siku mbili kabla ya onyesho, lakini Mwalimu Hakimuddin alipofika mwisho alisema tu, "Haya. Sasa amerudi yule aliyeanza."

Ukumbi ulijaa. Mama Mkubwa alikuja, najua hakukuaga. Alikaa safu ya nyuma, buibui limefika machoni. Bi Moza alikuwa karibu na mlango, mkoba juu ya mapaja kama mtu anayesubiri kuitwa. Mshereheshaji akasoma: "Mtunzi, Moza Masoud. Amewapangia wapigaji Rahma Kificho." Nikasikia minong'ono inatembea kama moto kwenye makuti. Mimi nilikuwa kwenye kanuni, nikagusa uzi wa kwanza.

Sauti ilipozunguka mara ya pili, wakaanza. Nilijua watafanya hivyo. Wanawake watano, sita, upande wa kulia, chini chini, *kaja kutupa mkono*. Bi Moza alishika mkoba. Hafidh aliinuka nusu. Wakaendelea, *karudi na cha*, na pale wimbo ukashuka.

Ukashuka chini yao, Saada. Walibaki juu na "shingoni" yao haina pa kukaa, mmoja akaivuta peke yake, ikasikika ukumbi mzima, mbovu, kama mtu aliyekosea ngazi. Watu wakageuka kumtazama yeye. Sisi tulikuwa tumeshaanza upya. Mara ya tatu walijaribu wawili. Mara ya nne hakujaribu mtu.

Alikaa. Bi Moza alikaa mpaka mwisho.

Mimi sikuhitimu. Watahini walinieleza kwa upole kwamba kipande kilichotungwa na mtu mwengine hakihesabiki kuwa changu. Nimepewa mpaka Juni nilete cha kwangu. Sina hata noti moja. Naogopa, lakini ni woga safi, sijui kama utanielewa. Ile sentensi ya nyumba na mama, sasa naomba uifute wewe.

Watu walipokuwa wakitoka, Bi Moza alimpita Mama Mkubwa mlangoni na hakumsalimu. Alimwambia Hafidh, kwa sauti ya diko, "Waambie Wingwi majamvi yao hayatutoshi. Tutakuja na yetu." Halafu akaanza kushuka ngazi, anavumisha, mdomo umefumba, na kila akifika mwisho wa sauti mguu wake unafika kipandio cha chini. Mama Mkubwa alishuka nyuma yake, kipandio kwa kipandio. Naye mdomo umefumba, lakini hakutoa sauti.

Nduguyo,
Rahma